Sonda ya Mama Mkwe

Sijui alizaliwa wapi, na sikuwahi kumuuliza. Nilipoolewa katika nyumba yake pale Saio, mtaa wa mji wa Bunia, alikuwa tayari mtu mzima, mwenye sauti ya chini na mikono iliyokakamaa kwa chumvi, na mali yake ilikuwa boti moja ziwani, ufukweni Kasenyi, na meza moja ya samaki katika soko la Bunia. Mwanawe wa pekee ndiye aliyekuwa mume wangu. Hatukukaa sana. Siku moja ya upepo boti ilizama ziwani, mguu wa mume wangu ukiwa umenaswa katika nyavu. Wenzake wawili walikumbatia madumu matupu, wakaelea mpaka wakaokotwa. Yeye hakuonekana, wala boti haikuonekana.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa mama mkwe wangu. Watu wengi wa Bunia wanamkumbuka kama mwanamke wa kwanza kununua mashine ya kutafuta samaki, na wanasema alikuwa mtu wa maendeleo. Alikuwa anamtafuta mtoto wake. Samaki walijileta tu, kama nzi wanavyojileta kwenye chakula cha wageni.

Mimi wakati ule nilikuwa nimekufa ganzi. Wanawake walinikanda mikono, wakaniambia lia, lia mama, nami nikawa naangalia vidole vyao. Majonzi yangu ya miaka ile siyakumbuki vizuri. Namkumbuka yeye.

Hakununua kitu bila kukisumbua kwanza. Sufuria aliijaza maji akaisimamia mpaka muuzaji achoke. Viatu alivivaa akazunguka soko zima, akarudi kusema vinabana. Mizani aliipanda mwenyewe, kwa sababu uzito wake aliujua. Wenye maduka wa Boulevard, barabara kuu ya mji, walipomwona anavuka barabara walianza kuhema mapema.

"Mama, weye unakuja kununua ao kutupatia examen?" mmoja alimuuliza.

"Kama iko muzuri, itafaulu," alijibu.

Hata mimi nilijaribiwa. Siku niliyoletwa kwake kuonwa, alinipa tilapia wa kuparua na kisu butu, akakaa akinitazama. Baadaye nilimsikia akimwambia mwanawe, "Hakulalamikia kisu. Aliomba jiwe ya kunolea." Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na aliisema akidhani niko uani.

Kwenye kuuza alikuwa kinyume cha wachuuzi wote. "Hii ya jana," alikwambia kabla hujauliza. "Ya leo iko pale, bei yake iko juu." Wenzake wa meza za jirani walimnunia, maana akishasema yake ni ya jana, mteja aligeuka kuwauliza na wao. Usidhani alikuwa mpole au mtakatifu. Uongo ulimchosha, basi. Alisema ukweli ili maneno yaishe upesi arudi kwenye kazi. Kwa hiyo akisema kitu, Saio nzima ilikichukua kama kilivyo, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Baada ya boti kuzama hakula tena samaki wa ziwa lile. Aliwapasua, akawatia chumvi, akawauza, akaenda na harufu yao mpaka kanisani, lakini sahani yake ilikuwa na sombe, yale majani ya muhogo, na ugali wa muhogo. Wateja hakuwaambia kwa nini, na hawakuuliza. Mimi niliendelea kula. Aliniona nikila. Sikujisikia vibaya. Sikujisikia chochote.

Desturi ya kwetu ni hii. Mtu akifia majini na maiti isipatikane, unakatwa mgomba, shina lake linavikwa nguo ya marehemu, linalazwa kaburini na kufukiwa kama mtu. Hapo ndipo kilio kinaondolewa: watu wanainuka kwenye mikeka, mjane ananyolewa, anavua nguo nyeusi, na yuko huru kurudi kwao au kuolewa tena. Mgomba usipozikwa matanga hayajaisha, hata ipite miaka. Na mwenye kutoa ile nguo ya kuvika mgomba ni mama wa marehemu, hakuna mwingine.

Mama mkwe hakuitoa. Shati la mwanawe alilikunja, akaliweka chini ya mto wake, na mimi nikabaki katika nguo nyeusi. Nilikuwa bado msichana, ukihesabu kweli. Nilichokuwa nangoja kila siku ni shati lile.

Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, alikuja kumsemesha. Alikuwa mtu wa amani, mwenye duka dogo la sabuni na viberiti huko Mbunya, na alizungumza kama mtu anayetembea juu ya mayai.

"Shemeji, huyu mutoto wa watu utamuweka na nguo nyeusi mpaka lini?"

"Mpaka nimupate."

"Ziwa iko kubwa. Tuzike mugomba, tumalize."

"Mugomba sikuuzaa."

Baba mdogo alitikisa kichwa. "Ee, mfa maji haachi kutapatapa," alisema, akimaanisha shemeji yake na ukaidi wake, kisha akasikia alichokisema. Akainamisha uso kwenye kikombe. Nilikuwa nimekaa chini karibu na mlango, nikaona masikio yake yanavyobadilika rangi. Mama mkwe alimwongezea chai.

"Kunywa," alimwambia. "Itapoa."

Habari ya mashine ililetwa na kapita wake. Kapita ni mkubwa wa boti, anayeamuru nyavu zitupwe wapi. Huyu alikuwa mmoja wa wale wawili waliookoka, na mama mkwe alipopata boti ya pili alimkabidhi yeye bila maneno. Alikuja Saio kuleta samaki akasema kwamba mzungu wa mradi wa uvuvi, aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, alikuwa na sanduku la kuuza.

"Inachora chini ya maji, Mama. Matope, mawe, samaki. Hata boti ya kuzama inachora."

Mama mkwe aliacha kuparua. Kisu kilibaki juu ya samaki. "Inauzwa ngapi?" aliuliza, na hapo nikajua kwamba nyumba yetu imeingia kazi mpya.

Mtu mwingine angekimbia kununua. Yeye alikwenda kwanza kutafuta kama kuna nyingine. Kwenye Boulevard muuza moteri mmoja, zile injini za boti, alikuwa nayo, ndogo, iliyotoka upande wa Kampala. Aliiita sondeur, kwa Kifaransa; midomoni mwetu ikawa sonda. Niliitwa kusoma katalogi, maana nilikuwa nimefika sekondari kabla ya kuolewa. Sonda zote mbili zilifanya kazi kwa njia moja. Kuna kichwa kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinafungwa kwenye mti na kutumbukizwa majini ubavuni mwa boti. Kinapiga sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inakwenda kugonga chini, inarudi, na sanduku linapima safari yake. Tofauti ilikuwa katika kusema lilichosikia. La mzungu lilichora kwenye karatasi. La muuza moteri liliwasha taa kwenye sahani ya duara usoni mwake.

"Angalia, Mama," muuzaji alisema. "Hapa juu taa nyekundu njo uso wa maji. Taa ya hapa njo chini ya ziwa. Ikiwaka hapa katikati, njo samaki."

"Na mutu hajue kusoma?"

"Iko na butoni mbili tu. Moja ya kuwasha, moja ya kuongeza nguvu."

"Inakula nini?"

"Batri ya gari."

"Ikilowa?"

"Usiiloweshe, Mama."

"Itakaa kwa boti," alisema mama mkwe. "Boti inakaa kwa maji."

Bei ilishuka kwa sentensi hiyo moja. Hata hivyo hakununua. Alisema atanunua ile itakayofaulu, na kwa namna ambayo sikuielewa aliwashawishi watu wawili wasiojuana, mzungu na muuza moteri, wamwazime mali zao kwa siku moja.

Nilikwenda naye Kasenyi. Wavuvi hawapendi mjane mwenye nguo nyeusi botini. Wanasema ziwa linamkumbuka. Walinung'unika, mmoja akashuka kabisa. "Huyu njo anasoma Kifaransa," mama mkwe alisema, na kapita akanipa mkono nikapanda.

Mbele ya ufukwe kuna mtumbwi wa kale uliozama, ambao kila mvuvi anaujua kwa sababu unakamata nyavu. Hauonekani. Wanaupata kwa kutazama nyuma: korongo fulani la mlimani likikaa mstari mmoja na paa fulani la bati, uko juu yake. Mama mkwe aliamuru boti ipite hapo na sonda ya karatasi. Sindano yake ilikwaruza ikitoa harufu ya kuungua, karatasi ikatembea, na chini ya ziwa ikajichora polepole mbele yetu: mstari mweusi uliolala sawa, kisha ukapanda, ukajipinda kama mgongo wa mtu aliyelala kifudifudi, ukashuka tena. Kapita alipiga makofi. Mama mkwe aliinama akatazama mgongo ule kwa muda mrefu, kisha akaigeuza karatasi, akaifunika uso chini, na kuiwekea jiwe la nanga juu.

"Leta ya taa," alisema.

Tukarudi palepale na sonda ya taa. Jua lilikuwa kali, taa haikuonekana, ikabidi ajifunike kitenge kichwani pamoja na sanduku. Aliniita nami nikaingiza kichwa. Humo ndani kulikuwa na joto na pumzi yake, na ile taa nyekundu. Tulipopita juu ya mtumbwi taa ya chini ilinenepa kidogo, ikayumba, ikakonda. Basi. Kama hukuambiwa, ungesema ni jiwe au ni macho yako.

Alinunua ya taa.

Ufukwe mzima ulimsifu kwa akili. Rahisi ghali, watu husema, lakini hii ilikuwa rahisi na hata asiyejua kusoma ataitumia, na yule mzungu na bei yake ya boti nzima pamoja na moteri abaki na karatasi zake. Mimi nilikuwa nimeona mgongo ule. Tulipokuwa juu ya lori tukipanda mlima wa kurudi Bunia, tumekalia magunia, nilimuuliza.

"Mama, kwa nini umechukua ile haioni muzuri?"

"Karatasi itaisha. Ingine itatoka wapi? Mimi sina mutu Nairobi."

Lori lilipanda likilia. Tulipofika Bogoro, upepo wa juu ukawa baridi, akaongeza bila kunitazama. "Na ile inachora sana. Ya taa itaniambia iko kitu. Ya karatasi itanionesha. Sitaki."

Hapo nilijisikia kitu kwa mara ya kwanza tangu boti izame. Ilikuwa hasira. Nilielewa kwamba amechagua mashine itakayomwezesha kutafuta bila kupata, na kwamba nitamngoja ndani ya nguo nyeusi mpaka nizeeke. Sikumwambia. Mkwe hamwambii mama mkwe neno kama hilo, na zaidi ya hapo hasira yenyewe haikudumu. Kabla hatujafika Bunia ilikwisha zimika.

Basi ikawa hivyo. Kila alipopata nafasi alishuka Kasenyi, akakaa mbele ya boti amejifunika kitenge, akitazama taa. Kapita alikumbuka vibaya mahali walipozama, kwa sababu siku ile mvua ilikuwa imefunika milima na hakukuwa na kitu cha kulinganisha. Walipita eneo kubwa, wakaenda na kurudi kama mtu anayefagia kiwanja. Taa ikinenepa, walishusha ndoana kubwa ya chuma na kukokota. Walipandisha mawe, magogo, vipande vya nyavu za watu wengine. Batri ilipandishwa Bunia kuchajiwa na kushushwa tena, imefungwa kwa kamba na kufuli, maana wakati ule wa Zaire batri ya gari ilikuwa ikitamaniwa kuliko ng'ombe.

Samaki nao waliwaka katikati ya sahani, makundi kwa makundi. Kapita hakuwa mjinga; alitupa nyavu. Boti yetu ikawa inarudi imejaa, boti nyingine zikaanza kuifuata nyuma. Meza ya sokoni ikawa mbili. Nyumba ikapata mabati mapya. Yeye alikasirika. "Hawa samaki wananifungia njia," alisema, na kapita akacheka sana, mpaka akakumbuka.

Kwa fedha za sonda aliwalipia karo watoto wa baba mdogo, akanunulia kanisa mabenchi. Mimi, nguo zangu nyeusi zilipochujuka na kuwa rangi ya majivu, aliniletea nyingine, kitambaa kizuri, cheusi tii. Kabla ya kukilipia aliloweka pembe yake kwenye maji dukani, kuona kama rangi itatoka. Haikutoka. Nilimshukuru.

Kisha akaanza kupita mtu wa Marabo. Alikuwa akileta maharage Bunia na kununua samaki kwenye meza niliyouzia mimi, wengi kuliko wanavyohitajika na mtu anayeishi peke yake, mjane wa kiume asiye na mtoto. Hakusema kitu kisichofaa. Aliuliza bei, akauliza tena, akalipa, akasimama. Mama mkwe alikuwa meza ya pili akimwona.

Wiki chache baadaye alirudi kutoka ziwani katikati ya juma, siku ambayo hakuwa na desturi ya kurudi, amebeba dumu la maji. Aliliweka sebuleni, akatuma mtu amwite baba mdogo, akanawa miguu, akakaa.

"Nimemupata," alisema.

Baba mdogo alishika kichwa. "Umeona nini, Shemeji?"

"Boti iko chini. Yeye iko ndani. Pale hapatolewe mutu, mafuriko ya matope imefunika. Nimechota maji ya pale juu yake." Akaingia chumbani, akatoka na shati, bado limekunjwa, akalitandika juu ya magoti ya baba mdogo. "Tuzike."

Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Mgomba ulikatwa, ukavikwa shati, ukalazwa, na kabla udongo haujarudishwa alimimina lile dumu juu yake, lote, akalipiga matako kama anavyofanya mtu anayemaliza mafuta. Wanawake walilia. Yeye aliitikia nyimbo. Siku ya kuondoa kilio alininyoa mwenyewe, kwa wembe mpya, polepole, bila kunikata hata mahali pamoja.

"Kichwa yako iko muzuri," alisema alipomaliza.

Ukiniuliza nilihisi nini, nilihisi upepo kichwani. Mengine hayakuja. Nilivaa kitenge cha rangi alichoniwekea kitandani, na kabla ya mavuno ya maharage nilikuwa nimekwenda Marabo.

Mama mkwe nilimwona tena mara chache tu, sokoni, kwa salamu. Halafu nikazaa, nikawa na shamba, na Bunia ikawa mahali pa kwenda kwa haja. Miaka ya themanini ilikuwa imeanza kuchakaa niliposhuka Kasenyi kununua samaki wa chumvi wa kuuza kwetu. Nilikuwa nimesimama ufukweni nikingoja boti, mtoto mgongoni. Moja ilikuja taratibu, karibu na nyingine zilizokuwa na haraka, na mbele yake alikaa mtu aliyejifunika kitenge kichwani, ameinamia sanduku.

Boti iligusa mchanga. Kapita aliniona kwanza, amejaa mvi, akageuka upande mwingine. Kisha kitenge kikaondoka. Alikuwa amekonda, uso umeunguzwa na jua na macho mekundu ya mtu anayetazama taa siku nzima.

"Mama," nilisema nikapiga goti.

"Mwana. Umenenepa, ni muzuri. Huyu ni wa ngapi?"

"Wa tatu, Mama."

Alimtazama mtoto, akamgusa mguu. Nyavu botini zilikuwa kavu, zimekunjwa. Mbele, karibu na miguu yake, ilikuwepo ile ndoana ya chuma na kamba yake, imelowa, na matope mabichi juu yake.

"Ulisema ulimupata," nilimwambia.

"Nilisema."

"Na haukumupata."

"Hapana." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Yule mwanaume wa Marabo angechoka. Watu wanachoka." Kisha akasema kwa sauti yake ileile ya sokoni, "Siye wawili tulikuwa tunangojea mutu mumoja. Mumoja anatosha."

Nililia. Nililia pale ufukweni kwa sauti, mbele ya wavuvi na wanunuzi, mtoto akaanza kulia naye mgongoni bila kujua sababu. Nilimlilia mume wangu wa kwanza, ambaye sura yake nilikuwa sikumbuki tena vizuri, na nilimlilia yeye aliyesimama mbele yangu. Hakunikanda mikono. Alingoja tu mpaka nikamaliza, kisha akasema inabidi arudi kabla upepo haujageuka, kwa sababu upande wa kaskazini bado hawajaupita.

Alipanda, akakaa mahali pake, akajifunika. Nilivua viatu, nikaingia majini pamoja na wavuvi, tukaisukuma boti.